Viatu Nilivyovua kwa Hasira

Mguu wangu wa kushoto una vidole vitatu. Watu wakiniuliza viwili vilikwenda wapi, kwa muda mrefu nilikuwa nawajibu neno moja tu: waya. Nilichomwa na waya. Jibu hilo lilikuwa zuri kwa sababu lilikuwa la kweli, na kwa sababu ukishamwambia mtu waya haulizi tena. Anasema pole, anatikisa kichwa, anaendelea na safari yake.

Naandika haya nikiwa nimekaa mlangoni kwangu. Kidonda kimefunga na alizeti ya msimu mwingine imeshaingia ndani. Siandiki ili unionee huruma, maana huruma ndiyo iliyonifikisha hapa, utaona. Naandika kwa ajili ya mtu mmoja nisiyejua yuko wapi, labda Manyoni, labda kijiji cha jirani. Mtu aliyeambiwa na daktari asifanye jambo fulani, akaelewa vizuri kabisa, kisha siku moja akalifanya hilo hilo huku anajua. Watu watamwita mjinga. Mimi najua kusoma, na karatasi ya maelekezo ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda changu. Nilikuwa naisoma kila nikitandika.

Kisukari kilinikuta nina miaka arobaini na moja. Ugonjwa wenyewe sitauelezea, madaktari wapo. Nitaeleza unavyokuwa ukishaingia ndani ya nyumba. Kwanza ilikuwa kiu na kukonda, hata magauni ya kanisani yakawa yananining'inia. Halafu vidonge, na sahani yangu kuwa mali ya kila mtu, kila mwenye macho anaikagua. Mwaka wa tatu nyayo zikaanza kufa ganzi. Nilikuwa natembea kama mtu aliyevaa soksi nene zisizovulika. Daktari akaniambia, "Mama, kuanzia leo hutembei peku, hata ndani kwako. Na kila jioni ukague nyayo." Nikaitikia. Nikanunua raba zilizofunika vidole, nikazivaa.

Ganzi niliizoea. Nilichoshindwa kukizoea ni jina. Nyumbani kwetu nilikuwa Mama Neema, nikawa Mgonjwa. Nikishika ndoo, mama mkwe wangu anasema, "Mwacheni, ni mgonjwa." Nikishika jembe, hivyo hivyo. Nikimkaripia binti yangu Neema kwa kuacha vyombo, mama mkwe anasema sukari imepanda. Nilinyang'anywa mpaka haki ya kuwa na hasira zangu mwenyewe, kila nikikasirika wananiletea kipimo. Mume wangu Yona ni mtu mpole, naye upole ukamzidi, akawa ananisemesha kwa sauti ya chini kama niko kwenye jeneza. Nilikuwa natamani anigombeze walau mara moja.

Sasa niwaambie kuhusu kupura. Kwetu upande wa Nduguti, alizeti ikishakauka tunapura kwa zamu, leo kwenu, kesho kwetu. Turubai linatandazwa uwanjani, vichwa vya alizeti vinamwagwa katikati, watu wanazunguka na fimbo. Na hakuna anayekanyaga turubai na viatu. Viatu vinaleta mchanga, na mnunuzi akikuta mchanga kwenye alizeti yako anakuacha hapo hapo. Lakini kwa mama mkwe si suala la mchanga tu. Kwake yeye viatu juu ya turubai ni dharau, sawasawa na kupanda navyo mezani. Kila anayefika anavua pembeni, viatu vinapangwa mstari mmoja, na ukitaka kujua nani kaja unaangalia viatu.

Katika kupura nilikuwa na jina. Nilikuwa naanzisha wimbo, na fimbo yangu ndiyo waliyoifuata. Wanaume walikuwa wananitania kwamba Yona alioa mashine.

Msimu ule zamu ilikuwa kwetu. Wifi yangu Tabitha, dada yake Yona, alikuwa amekuja kutoka mjini Singida, anakaa Utemini, anashona sare za shule. Ni mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa turubai na raba zangu, nafikiria nifanyeje. Kweli nilikuwa nafikiria. Nilikuwa nataka nimwombe Neema asugue soli kwa maji na sabuni, halafu nimwombe mama mkwe ruhusa. Ombi dogo tu. Lakini lilikuwa zito mdomoni kama jiwe, kwa sababu kuomba ni kukubali kwamba mimi si kama wengine.

Kabla sijafungua mdomo, Tabitha akasema kwa Kinyiramba, kwa sauti ya kuchangamka, watu wote wakasikia: "Mleteeni wifi kigoda, akae kivulini achambue mboga. Tutamhesabia kwamba naye kapura."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Joto lilinipanda masikioni. Sikumjibu. Niliinama, nikavua raba ya kulia, nikavua ya kushoto, nikazipanga kwenye mstari pamoja na za wenzangu, nikachukua fimbo, nikaingia. Nilimwona Neema ananiangalia, macho yamemtoka. Yona alikuwa ameenda kuleta mzigo mwingine shambani, hakurudi mpaka mchana. Mama mkwe alikuwa jikoni na togwa. Nikaanzisha wimbo.

Nitasema ukweli ambao kwenye karatasi ya ukutani haupo: ilikuwa raha. Asubuhi nzima nilipiga alizeti mpaka jasho likaniingia machoni, na sikuwa mgonjwa. Hakuna kidonge kilichowahi kunifanya nijisikie vile. Ndiyo maana watu wanafanya mambo ya hatari, wala si kwa kupenda hatari. Wanapenda ile saa moja ya kurudi kuwa wao. Ganzi nayo ikanisaidia kujidanganya, maana wenzangu walikuwa wanaruka wakikanyaga bua kavu na mimi nilikuwa nakanyaga tu, nikajiona jasiri.

Turubai letu lilikuwa la zamani. Lilikuwa limechanika katikati, na Yona alikuwa amelishona kwa waya wa kufungia nondo, kama wengi wanavyofanya huku. Ncha moja ya waya ilikuwa imechomoza juu.

Jioni Neema aliona alama nyekundu sakafuni, moja kila hatua, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Alinifuata analia. Tukakuta kijitundu chini ya kidole kidogo, cheusi katikati, hakiumi hata kidogo. Nikamwambia asimwambie mtu. Tukaosha kwa maji ya chumvi, nikavaa soksi.

Unaweza kuuliza kwa nini sikwenda zahanati kesho yake. Nitakujibu. Kwa sababu Tabitha alikuwa bado yupo nyumbani. Kwenda zahanati kungekuwa ni kumwambia ulisema kweli, wifi, mahali pangu ni kwenye kigoda. Nilivaa soksi kanisani, nikavaa soksi shambani. Nilivaa soksi siku tisa. Siku ya kumi homa ikanilaza, na Yona alipovuta soksi chumba kizima kikanuka. Alikaa chini sakafuni. Halafu akauliza, "Umechomwa na nini?"

"Waya wa turubai," nikasema. "Niliteleza, kamba ya kiatu ilikatika, nikaingia peku kidogo tu."

Kamba ya kiatu haikukatika. Lakini yeye alisikia neno moja tu, waya, na nikaona uso wake ukibadilika. Waya alikuwa ameuweka yeye. Nikauona ule uso nikanyamaza.

Kutoka Nduguti nilipelekwa hospitali mjini Singida, na huko vidole viwili vikaondolewa, kidogo na kinachofuata. Sitaki kuzungumzia sana siku ile. Nakumbuka tu nilipoamka niliangalia bandeji nikaona mguu umekuwa mwembamba mbele, kama wa mtu mwingine. Daktari akasema nimepata bahati, mguu umebaki, ila kidonda kitafungwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mpaka kifunge, na kikichafuka tena hatazungumzia vidole, atazungumzia kifundo. Alionyesha kwa kidole pale angekata. Nilihisi baridi pale pale alipoonyesha, mahali ambapo sikuwa na hisia yoyote.

Nduguti ni mbali kwa mtu wa kufungwa kidonda mara tatu kwa wiki. Ikabidi nikae mjini. Na mjini tulikuwa na ndugu mmoja tu. Umeshamjua.

Basi nikahamia Utemini kwa wifi Tabitha, kwenye chumba cha nyuma ya cherehani yake, katikati ya mafurushi ya vitambaa vya sare. Alinipokea kwa mikono miwili. Alinipikia ugali wa mtama na mlenda, aliniwekea kiti bafuni ili nioge nimekaa, alinikagua nyayo kila jioni kwa miwani yake ya kutungia sindano. Kila alichofanya kilikuwa chema na kila chema kilinikera. Kama angekuwa mkorofi ningepumzika. Nilikuwa nalala kwake, nakula kwake, na ndani ya moyo nahesabu maneno yake ya siku ile moja moja, kigoda, kivuli, mboga, kuhesabiwa. Yeye anaimba kwenye cherehani. Hakuwa na habari.

Chumba cha kufungia vidonda kina benchi moja refu nje, ukutani, na upepo wa Singida mnaujua, mwezi wa saba unapuliza vumbi na baridi kwa pamoja. Tulikuwa tunakaa tumejifunika vitenge, miguu imenyooshwa mbele. Muuguzi wa pale alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakuwa na papara na mtu. Siku yangu ya kwanza, wakati anafungua bandeji, aliniuliza, "Nani alikuudhi?"

Nikasema, "Nilichomwa na waya."

"Sijakuuliza kilichokuchoma. Kilichokuchoma nakiona. Nimeuliza nani alikuudhi."

Nilikasirika. Nikamwambia afunge kidonda, hiyo ndiyo kazi yake. Akafunga.

Nilipotoka, mzee aliyekuwa jirani yangu kwenye benchi alikuwa anacheka chinichini. Jina lake Mzee Hamisi, mfugaji wa Ikungi, mguu wake wa kulia uliishia kwenye goti. "Na wewe kakuuliza?" akasema. "Sisi wote hapa kashatuuliza."

"Shikamoo, mzee. Na wewe ulimjibu nini?"

"Marahaba. Mara ya kwanza nilimtukana." Akajifunika vizuri. "Mwanangu aliuza dume langu bila kuniambia. Dume, mama! Alisema nimezeeka, nipumzike, na sukari hii. Nikachukua fimbo, nikaenda kutafuta ng'ombe porini na kandambili iliyochoka, mimi niliyekatazwa hata kwenda msalani peku. Mwiba ukaingia asubuhi, nikaujua kesho yake jioni. Nilikuwa namtafuta dume gani? Alishauzwa."

Dada mmoja wa Manyoni upande wa pili akasema yeye alikunywa soda tatu harusini. Mama mkwe wake alitangaza kwa wahudumu, mbele ya meza nzima, kwamba huyu asipewe soda ana kisukari. Akazifuata mwenyewe kwenye kreti, akazinywa amesimama, moja baada ya nyingine, anamwangalia mama mkwe machoni. Aliamkia hospitali. "Ya tatu sikuwa na kiu nayo kabisa," akasema, na benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaona aibu kwa sababu nilijiona.

Lakini kujiona si kupona. Wiki zikapita, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kidonda kilianza kuwa chekundu kizuri pembeni. Muuguzi akawa anakisifia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Ukaja mwezi wa tisa, joto, vumbi, kila kitu rangi ya kahawia. Siku moja mchana nilikuwa kitandani, cherehani ikanyamaza, nikamsikia Tabitha anaongea na Yona kwenye simu.

"Kala vizuri," anasema. "Kafungwa vizuri, kalala. Usiwe na wasiwasi kaka, mtoto wako hajambo."

Mtoto wako. Alikuwa anatania tu, hata mimi najua. Yale masikio yakapata joto lile lile. Nilichukua pochi yangu, nikatokea mlango wa nyuma bila gongo langu la kutembelea, nikatembea mpaka barabarani kwa mguu wenye kidonda wazi, nikapanda gari la Nduguti. Kesho yake ilikuwa siku ya kufungwa kidonda. Sikujali. Nilikaa dirishani, vumbi linaniingia, nikajisikia mzima kabisa, raha ile ile ya turubai. Ndipo nikaogopa, kwa sababu niliitambua.

Nilifika nyumbani alasiri. Uwanjani nilimkuta Yona amepiga magoti juu ya turubai. Alikuwa ameling'oa waya wote, ameukusanya kwenye kopo, na sasa alikuwa analishona upya kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni, mshono kwa mshono, vidole vyake vimefungwa vitambaa. Msimu wa kupura ulikuwa umepita zamani. Hakuna aliyekuwa analihitaji lile turubai. Neema akaninong'oneza kwamba baba anakaa hapo kila siku akitoka shamba, haongei, na kanisani aliomba asisome tena neno kwa sababu mikono yake si safi.

Aliponiona alinyanyuka kwa hofu. "Umekujaje? Kidonda je?"

Ningeweza kusema uongo mwingine. Nilikuwa nao tayari. Lakini mtu mzima ameng'oa waya mpaka vidole vinatoka damu, na mimi nimemwacha.

"Yona," nikasema, "si waya."

Nikamwambia yote nimesimama. Kigoda, watu waliocheka, raba nilizozivua mwenyewe na kuzipanga kwenye mstari. Kwamba kamba haikukatika. Kwamba nilificha siku tisa ili dada yake asinishinde.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nianze kuugua, Yona akanipandishia sauti. "Miezi mitatu!" akasema. "Miezi mitatu najiona nimemkata mke wangu! Kwa nini hukusema?" Akatupa sindano, akaenda zake zizini. Nilikuwa nimetamani anigombeze. Sasa nilikuwa nimepata, na haikuwa raha hata kidogo. Nilikaa kwenye turubai nikalia.

Kesho yake alinirudisha Singida yeye mwenyewe. Kwenye gari alikaa kiti cha mbele yangu, sikuona ila kisogo chake. Baada ya hapo kwa wiki nyingi alikuwa ananipigia simu, ananiuliza hali, ananiaga. Maneno matatu. Sikumlaumu.

Kidonda kilikuwa kimechafuka. Muuguzi alikifungua, akakiinamia kwa karibu. Daktari akaitwa. Akashika kifundo changu, akakizungusha, akasema tunasubiri wiki mbili na sindano, hali isipokuwa nzuri tunakata. Alipotoka, nilimwambia muuguzi bila kuulizwa:

"Wifi yangu alisema nikae kivulini nichambue mboga."

Akaendelea kumimina maji ya chumvi. "Na wewe ulitaka nini?"

"Nilitaka kupura."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Ungeweza kumwambia?"

Nikafikiri. "Hapana. Nisingeweza. Maneno hayakuwepo. Kuvua viatu kulikuwa rahisi."

"Basi yatafute," akasema, "maana watakuudhi tena. Hao ndugu zako hawaendi popote." Akafunga bandeji, akaita mwingine.

Hizo wiki mbili nilizikaa kama mtu anayesubiri hukumu. Sikutoka kwa Tabitha ila kwenda kufungwa kidonda. Nilimwambia Tabitha nataka kutia vifungo na kushona pindo, mikono yangu haina kisukari, na niliposema hivyo nilijiona kana kwamba namtukana. Akasema, "Haya, chukua hayo mashati." Basi. Hakukuwa na zaidi. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Nilikuwa nakula jioni, nashona pindo, namwacha anikague mguu. Kila nikisikia joto la masikioni nilikuwa namtamkia mtu, yeyote aliye karibu, kwamba nimeudhika. Mara nyingine alikuwa mteja aliyefuata sare za mtoto, akaniona kichaa.

Daktari alipofungua baada ya wiki mbili alisema, "Tusubiri kidogo." Wiki iliyofuata akasema hivyo hivyo. Mara ya nne hakusema kitu, akaandika tu, na muuguzi akanikonyeza. Kifundo kilibaki changu. Mzee Hamisi alinipa mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mvua za kwanza zilipogonga bati la Tabitha, kidonda kilikuwa kimebaki kama punje ya mtama. Siku hiyo ndiyo niliyoamua kumwambia. Alikuwa anapiga pindo la sketi. Nikamweleza kila kitu, neno kwa neno, kigoda mpaka kuhesabiwa, niliyoyabeba nusu mwaka.

Tabitha alisimamisha cherehani. Akavua miwani. "Nilisema hivyo mimi?" akauliza.

"Ulisema."

"Wifi, sikumbuki." Alikuwa anatafuta kweli, nilimwona. "Sikumbuki hata kidogo. Labda nilisema tu. Jua lilikuwa kali."

Nilitaka kumrushia mkasi. Vidole viwili! Ndoa yangu kutikisika, mume kuning'inia kwenye uzi wa nailoni, nusu mwaka wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na aliyesema hakumbuki. Nilikaa pale nimevimba, naye akaanza kulia, na machozi yake nayo yakaniudhi. Nikamwambia, "Tabitha, nimeudhika sana." Akasema, "Ninaona." Tukakaa. Mvua ikapiga. Baadaye akaendelea na sketi na mimi nikashika shati. Wewe unayesubiri aliyekuudhi akumbuke na akuombe radhi ndipo uache kujiumiza, nakushauri usisubiri. Anaweza kuwa hana habari kabisa.

Nilirudi nyumbani. Yona alikuja kunipokea stendi, akabeba begi, na njiani akasema jambo la nne. "Mtama umeota vizuri," alisema. Nilishukuru kwa mtama ule kuliko kwa dawa zote.

Msimu ukazunguka. Alizeti ikakauka, zamu yetu ikafika. Turubai likatandazwa uwanjani, katikati lina mshono mrefu wa nailoni. Asubuhi Neema alikuwa amesugua soli za raba zangu kwa brashi na sabuni mpaka zikawa nyeupe, akaziweka juu ya gunia safi kwenye ukingo. Nikazivaa pale pale, nikafunga kamba. Pembeni viatu vya wenzangu vilikuwa vimepangwa mstari. Tabitha alikuwepo, kimya kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mama mkwe akatoka jikoni na togwa. Akaangalia raba zangu. Akaangalia turubai. Uwanja mzima ukamsubiri. Kisha akapunga mkono, akawaambia watu kwa sauti ya huruma:

"Mwacheni aingie nazo. Si mnajua, ni mgonjwa."

Masikio yakawaka. Mkono wangu ukashuka wenyewe mpaka kwenye kamba ya kiatu, nikaushuhudia unashuka. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye fundo. Baada ya yote yale, bado mguu ulikuwa radhi kuvuliwa. Sitakudanganya kwamba hali hiyo inaisha.

Nikasimama wima. Nikasema, "Mama, shikamoo."

Tulishaamkiana asubuhi. Akashangaa. "Marahaba."

"Mama, umeniudhi."

Mkwe haambiwi hivyo kwetu, na mkamwana wake, na mbele ya watu. Yona akaweka mzigo chini. Sikuwahi kuogopa waya kama nilivyoogopa ukimya ule.

"Nimekuudhi kwa lipi?" akauliza.

"Usiniite mgonjwa, mama. Mimi nina jina. Nimevaa viatu kwa sababu mguu wangu hausikii, na vimeoshwa. Nataka kupura. Basi."

Mama mkwe aliangalia raba zangu tena, safari hii kwa karibu, akainama mpaka chini, akapitisha kidole kwenye soli, akakitazama kama kina mchanga. Hakikuwa nao. Akakifuta kwenye kanga.

"Mama Neema," akasema, "basi ingia. Unatuchelewesha."

Nikakaza fundo, nikachukua fimbo, nikaingia.